Upande Huu wa Ruvuma

Nilisoma HGL hapahapa Mtwara, na mada iliyonikaa kichwani kuliko zote ni ile ya uundaji wa maneno. Tulifundishwa jinsi Kiingereza kilivyokopa maneno ya Kifaransa baada ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066. Tukakariri mifano, tukapata maksi. Hakuna aliyeuliza neno shule limetoka wapi, na sisi tumekaa ndani yake. Ni la Kijerumani. Meza tuliyoandikia ni ya Wareno, na bendera tuliyoipandisha asubuhi ni yao pia. Mtihani ni wa Waarabu. Kiingereza kilikuwa mgeni wa mwisho kufika, na ndicho kilichotusahihisha wote.

Kilifikaje? Desemba 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba Mto Ruvuma uwe mpaka. Mwaka 1894 Wajerumani wakavuka na kujitwalia Kionga, pembetatu ndogo ya ardhi kusini mwa mlango wa mto. Aprili 1916, vita vikiwa vimepamba moto, Wareno wakaichukua tena, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukathibitisha kuwa ni yao. Mkataba huohuo uliwanyang'anya Wajerumani koloni zima, na kaskazini mwa mto akaingia Mwingereza. Basi mtoto wa Msimbati akapangiwa Kiingereza, wa Kionga akapangiwa Kireno. Wamakonde walikuwa pande zote mbili, na hawakuulizwa. Bibi yangu, aliyezaliwa kule, hasemi "Msumbiji" hata leo. Husema "ng'ambo", kama mtu anayetaja nyumba ya jirani.

Kwenye somo la Historia tulisoma Mkutano wa Berlin hadi tukauota. Kionga sikuisikia. Niliikuta chuo kikuu, nikitafuta kitu kingine kabisa, nikaona aibu kidogo.

Lakini mpaka wenyewe nilikuwa nimeshakutana nao. Tarehe 24 Machi 2021 wapiganaji waliishambulia Palma. Nilikuwa kidato cha sita, mtihani ni Mei. Mjukuu wa kaka yake bibi akaja kwetu na mfuko wa plastiki wenye nguo mbili na vyeti vyake vya Kireno. Mwaka huo wengi waliovuka mto walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano. Yeye alifika, alipitaje sitaeleza.

Alikuwa kibarua wa mkandarasi mdogo karibu na mradi wa gesi wa Afungi, na alikuwa akidai mshahara wa miezi miwili. Alikuwa na anwani ya barua pepe ya ofisi iliyoko nje, iliyojibu kwa Kiingereza tu.

"Kaka, si ndicho unachosoma?" akaniuliza.

Ndicho nilichokuwa nikisoma. Tukakaa mezani usiku, yeye akisimulia kwa Kiswahili, na mahali palipomuuma akihamia Kimakonde. Alitaja nani alimwajiri, nani alimwahidi, nani alizima simu. Mimi nikaandika kama nilivyofundishwa kwamba barua rasmi huandikwa: kauli ya kutendwa, sentensi ndefu, adabu nyingi. Nilipomaliza nikamtafsiria. Akasikiliza, akanyamaza, kisha akauliza, "Sasa hapo nani hajanilipa?"

Kweli, hakuwemo. Mshahara ulikuwa "haujalipwa", ahadi "ilitolewa", simu "haikupokelewa". Ile ilikuwa insha nzuri. Nikaifuta, nikaanza upya na majina, kwa sentensi fupi ambazo darasani zingenikosesha alama. Tukaituma. Haikujibiwa. Tukatuma nyingine mbili.

Siku za kungoja tulicheza karata. Siku moja akacheka: "Karata, meza, leso... haya ni maneno yetu." Nikamwambia ni yetu pia. Bibi akatuuliza tunagombania nini.

Mei nilifanya mtihani, nikafaulu Kiingereza vizuri, na ndicho kilichonipeleka chuo kikuu. Mwaka uliofuata alirudi ng'ambo. Ile hela hakuiona. Siku hizi ananiandikia kwenye simu, kwa Kiswahili. Meza anaiandika "mesa". Sijawahi kumsahihisha.