Mlima Uliolala na Jirani Zake

Mtu asimamaye Arusha asubuhi isiyo na mawingu huuona mlima Meru umekaa kimya, urefu wake karibu futi 15,000, na chini yake mashamba ya migomba na mibuni. Nani auonaye akakumbuka habari za moto? Walakini mwaka 1910 mlima huu ulitoa majivu. Na maelfu ya miaka kabla ya hapo ubavu wake wa mashariki ulianguka, mawe na udongo vikaporomoka hata nyikani. Vilima vidogo vilivyo kando ya maziwa ya Momella ni alama za anguko hilo. Wahenga walisema, Kimya kingi kina mshindo mkuu. Basi leo twauliza: mlima uliolala hupimwaje, na jirani zake wakitumieje kipimo hicho? Jibu tutalitafuta katika habari za milima miwili ya nchi za mbali, kwani yote miwili iliamka, na mwisho wa mambo haukuwa mmoja.

Wa kwanza ni Nevado del Ruiz, katika nchi ya Kolombia, wenye barafu kileleni. Mwaka 1595, na tena mwaka 1845, matope yalishuka kutoka mlimani yakaua watu wengi mabondeni. Lakini matope yakikauka huwa shamba jema. Watu wakarudi, wakalima, na juu ya matope yale ya kale wakajenga mji wa Armero. Mwishoni mwa mwaka 1984 mlima ulianza kutetemeka. Kufika Oktoba 1985 wataalamu walikuwa wamekwisha kuchora ramani ya hatari, na Armero ilionekana wazi katika njia ya matope. Ramani hiyo ilibishaniwa, na wakubwa wengine waliogopa hasara ya kuhamisha watu bure. Usiku wa tarehe 13 Novemba, yapata saa tatu, mlima ulilipuka. Mlipuko haukuwa mkubwa, ila uliyeyusha sehemu ya barafu, na maji yakazoa udongo na mawe njiani. Matope yalifika Armero karibu saa tano na nusu. Saa mbili na zaidi zilikuwapo za kujiokoa, lakini watu wengi walikuwa bado majumbani mwao. Waliokufa katika msiba huo walikuwa wapata 23,000.

Wa pili ni Pinatubo, katika Ufilipino, uliokuwa umelala miaka wapata 500, umefunikwa na msitu. Tarehe 2 Aprili 1991 ulianza kutoa mvuke na majivu. Wataalamu wa nchi ile, wakisaidiwa na wenzao wa Marekani, walifanya kazi kwa namna mbili. Kwanza walisoma ardhi: katika tabaka za majivu ya kale walikuta makaa ya miti iliyoungua, na kwa hayo wakajua miaka ya milipuko iliyopita, tena kwamba mlima huu kila uamkapo huamka kwa nguvu. Pili walisikiliza pumzi zake: waliweka mitambo ya kupima tetemeko, wakapima na hewa ya kiberiti, ambayo katika mwezi wa Mei iliongezeka mara kumi kwa muda wa majuma mawili. Kisha wakatunga daraja tano za hatari, ili kila mtu ajue maana ya neno litakalotangazwa. Watu waliobisha walionyeshwa picha za sinema za milipuko ya nchi nyingine. Makumi ya maelfu walihama, na tarehe 15 Juni mlima ukalipuka kwa nguvu kuu. Watu mamia walikufa, wengi kwa mapaa yaliyoelemewa na majivu yaliyolowa mvua ya tufani. Lakini yakadiriwa kwamba maisha yasiyopungua 5,000 yaliokolewa.

Tukilinganisha habari hizi twaona kwamba Armero haikuangamia kwa kukosa elimu. Ramani ilikuwapo. Kilichokosekana ni neno lililokubaliwa mapema, na moyo wa kukubali hasara ndogo. Wapimao mlima hawawezi kutaja siku na saa tangu mbali. Husema tu kwamba hatari imezidi au imepungua. Kwa hiyo jirani wa mlima hana budi kuwa tayari kuhama hata mara moja bure. Ahamaye bure hupoteza siku kadhaa za kazi, kisha hurudi nyumbani kwake. Asiyehama siku ya haki hana pa kurudi.

Hatusemi kwamba Meru utalipuka kesho. Twasema kwamba chini yake, kwa hesabu ya mwaka 2022, mji wa Arusha pekee ulikuwa na watu zaidi ya 600,000, nao hula matunda ya udongo ulioletwa na moto wake. Inafaa watoto wao wafundishwe shuleni habari za mwaka 1910 na za vilima vya Momella, na kila kijiji kijue neno la hatari litatoka kwa nani, na njia ya kuondokea ni ipi. Mambo hayo hupangwa mlima ungali kimya.