Maji ya Paa na Haki ya Jirani: Historia Fupi ya Mipaka ya Ujenzi



Ndugu zetu katika Imani, siku hizi mwenye gari hapendi lilale juani. Huchimba mashimo manne uani, husimamisha nguzo, hupaua mabati, na banda limekwisha. Akiulizwa, hujibu kwamba nguzo zote ziko ndani ya mpaka wake. Je, jibu hilo latosha? Natuitazame historia.

Suala la mipaka lilikuwapo tangu Madina. Abu Hurayra (r.a.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kumzuia jirani yake kuegemeza boriti kwenye ukuta wake. Imam Ahmad aliona ni wajibu kumruhusu. Imam Malik, na Imam Shafi katika kauli yake mpya, waliona ni jambo la kupendekezwa, hivyo mwenye ukuta aombwe ridhaa. Imepokewa pia kwamba watu wakigombania njia, upana wake uwe dhiraa saba, yaani zaidi kidogo ya mita 3.

Na maji ya paa je? Katika Musnad ya Imam Ahmad kuna kisa mashuhuri, ingawa isnadi yake ina maneno. Umar (r.a.) alikuwa akienda kuswali Ijumaa, yakamdondokea maji yenye damu ya vifaranga kutoka mlizamu wa nyumba ya Abbas (r.a.). Akaamuru ung'olewe. Abbas alipomwambia kwamba Mtume (s.a.w.) ndiye aliyeuweka pale, Khalifa alimtaka apande mgongoni mwake aurudishe.

Baadaye elimu hii ikawa na mafundi wake. Tunis, katika karne ya 14, alikuwapo mwashi aitwaye Ibn al-Rami. Makadhi walimtuma akakague kuta, maji machafu, moshi na madirisha yenye ugomvi, naye akaandika kitabu cha hukumu za ujenzi. Dola ya Uthmaniya nayo ilikusanya hukumu kama hizo katika Majalla, kati ya 1869 na 1876. Humo mtu anaruhusiwa kujenga kwake atakavyo, ila asimletee jirani dhara kubwa, kama kumzibia kabisa mwanga.

Hapa pwani, Lamu, mji uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia, utaona wikio: chumba cha juu kinachovuka kichochoro na kuunganisha nyumba mbili. Juu watu wanalala, chini wapita njia wanapita bila kuzuiwa. Leo Kenya ina sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, inayomtaka mjenzi apate kwanza ruhusa ya kaunti.

Sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Tulipojenga banda la gari la madrasa tulivuta kamba, na nguzo zikawa ndani ya mawe ya mpaka. Mteremko wa paa tukauelekeza kwa jirani, maana ndio uliokuwa rahisi. Masika yalipofika, maji yakachimba chini ya ukuta wa jiko lake. Mama yule mzee hakutushitaki. Aliacha tu kutuitikia salamu. Hapo ndipo tulipokumbuka tunayowasomesha watoto. Tukamwendea kumwomba radhi, tukageuza paa, tukaweka mlizamu unaomwaga kwenye shimo letu, na ukuta wake tukautengeneza.

Basi ndugu yangu, kabla hujachimba shimo la nguzo, bisha hodi kwa jirani. Mwonyeshe paa litaishia wapi, maji yatakwenda wapi na kivuli kitaangukia wapi. Kisha tafuta ruhusa ya serikali. Mpaka wako hauishii kwenye nguzo. Unafika pale tone la mwisho la paa lako linapoanguka.

Tunamuomba Allah atujaalie kuwa majirani wema. Amin.

Wabillahi tawfiq.