Nani anaruhusiwa kutibu meno ya mtoto wako? Mwongozo kwa mama na walezi wa Kilosa na Mikumi

Mtoto wa miezi minane anaharisha, ana homa na hataki kunyonya. Jirani anapapasa ufizi wake, anagusa uvimbe mdogo na kusema: "Haya ni meno ya plastiki. Mpeleke kwa fundi leo, yang'olewe." Mama wengi wa Tanzania wameambiwa maneno kama haya. Uamuzi utakaofuata unaweza kuokoa maisha ya mtoto au kuyahatarisha.

Makala hii inaeleza watu mbalimbali wanaotoa huduma ya meno, cheti ambacho kila mmoja anapaswa kuwa nacho, na maswali unayoweza kuuliza kabla hujamruhusu mtu kugusa kinywa cha mwanao.

"Meno ya plastiki" ni nini hasa?

Ule uvimbe ni jino la kawaida la utotoni, mara nyingi chonge, ambalo bado liko ndani ya ufizi. Kila mtoto anazo chonge nne. Meno ya kwanza hutokea karibu na miezi 6, na chonge hufuata baadaye, mtoto anapokaribia mwaka mmoja na nusu. Kwa hiyo ukipapasa ufizi wa mtoto mchanga unaweza kuugusa uvimbe huo, awe anaumwa au mzima.

Kuhara na homa katika umri huu vina sababu nyingine: maji au chakula kisicho salama, malaria, nimonia au maambukizi mengine. Mtoto anatambaa na kutia kila kitu mdomoni, na hapo ndipo vijidudu huingia.

Fundi anapochokonoa ufizi kwa spoku ya baiskeli, kisu au msumari, mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, kupata pepopunda au kuambukizwa magonjwa yanayopita kwenye damu. Jino la ukubwani lililo chini ya lile changa linaweza kuharibika, lisiote au liote vibaya. Wakati huohuo ugonjwa uliomleta bado haujatibiwa. Mtoto anayeharisha hufa kwa kupungukiwa maji mwilini, na saa zilizopotea kwa fundi ni saa ambazo angekuwa anakunywa dawa.

Mtoto anayeharisha mpe ORS, endelea kumnyonyesha na mpeleke zahanati, ambako atapewa pia vidonge vya zinki. Akiwa na macho yaliyodidimia, akilegea, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akipata degedege, mkimbize kituoni mara moja.

Nani ni nani katika huduma ya meno

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Huyu ndiye aliye karibu nawe zaidi. Mpango wa taifa wa wahudumu hawa ulizinduliwa Dar es Salaam tarehe 31 Januari 2024, ukilenga kufikia wahudumu 137,294 nchi nzima. Anachaguliwa na wananchi wa eneo analoishi, kisha anafundishwa kwa miezi 6, darasani na kwa vitendo. Kazi yake ni kuelimisha, kutambua dalili za hatari na kukupa rufaa. Anaweza kukufundisha kumpigia mtoto mswaki na kukuambia jino lililotoboka likaangaliwe wapi. Haruhusiwi kung'oa jino, kuchana ufizi wala kuchoma sindano ya ganzi.

Tabibu wa kinywa na meno. Huyu amesoma stashahada ya miaka 3 chuoni. Mbeya ni mojawapo ya mahali vilipo vyuo hivyo. Anang'oa meno, anaziba yaliyotoboka, anasafisha na kutibu fizi. Katika hospitali nyingi za wilaya ndiye utakayekutana naye.

Daktari wa kinywa na meno. Amesoma shahada ya miaka 5 na kufanya mazoezi ya kazi kwa mwaka 1 chini ya usimamizi. Anashughulikia pia matatizo makubwa, kama taya iliyovunjika au uvimbe unaohitaji upasuaji.

Afisa tabibu. Ndiye anayetibu magonjwa ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya. Baadhi yao wamepewa mafunzo ya ziada ya huduma ya dharura ya meno. Shirika la Bridge2Aid, lililoanzia kazi Mwanza, limewafundisha maafisa tabibu wa vijijini kung'oa kwa usalama jino linalouma, kwa sababu wataalamu wa meno hawafiki kila kijiji. Muulize wa kwenu kama amepata mafunzo hayo. Kama hajapata, atakupa dawa na rufaa.

Fundi wa meno wa mtaani. Hana mafunzo yanayotambuliwa wala leseni. Cheti cha uganga wa tiba asili nacho si leseni ya kutibu meno.

Cheti gani kinatakiwa?

Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017 ndiyo inayosimamia kazi hii Tanzania Bara. Mtaalamu anayetibu meno anapaswa kuwa na vitu viwili, na watu wengi huvichanganya.

Cha kwanza ni cheti cha chuo, kinachoonyesha kwamba amesoma na kufaulu. Cha pili ni kutambuliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, pamoja na leseni ya kufanya kazi. Leseni huhuishwa, na ili aihuishe anatakiwa kuendelea kujifunza. Mtu mwenye cheti cha chuo peke yake, au mwenye leseni iliyokwisha muda, hajatimiza masharti.

Cheti cha semina ya siku mbili au tatu hakimfanyi mtu kuwa tabibu wa meno, hata kikiwa na mhuri na picha. Vivyo hivyo, madaktari wa kigeni wanaokuja kutibu kwa wiki moja au mbili wanahitaji usajili wa muda wa Baraza. Kambi ya matibabu ikitangazwa kijijini, muulize mtendaji wa kijiji au zahanati kama ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya inaifahamu.

Maswali ya kuuliza

Kuuliza si kumkosea mtu adabu. Mtaalamu wa kweli amezoea maswali haya:

- Samahani daktari, wewe ni tabibu wa meno au una cheo gani?
- Una leseni ya Baraza, na bado haijaisha muda?
- Mwanangu utamchoma ganzi kwanza?
- Vifaa hivi vimetakaswa vipi baada ya mgonjwa aliyepita?
- Utaandika kwenye kadi au daftari lake ulichofanya?

Angalia pia kwa macho yako: glavu mpya, sindano inayofunguliwa mbele yako, na stakabadhi kwa fedha yoyote unayolipa. Mtu anayekuja nyumbani jioni na mfuko wa koleo, asiyetaka kuandika chochote, usimruhusu.

Kwa wakazi wa Kilosa na Mikumi

Wilaya ya Kilosa ni kubwa, na masika barabara nyingi za vijijini hazipitiki vizuri. Ndiyo maana fundi wa karibu huwavutia watu. Anza na zahanati ya kijiji chako, upate rufaa. Walio upande wa Kilosa mjini na Kimamba wako karibu na Hospitali ya Wilaya ya Kilosa. Walio kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa wako karibu na Hospitali ya Mtakatifu Kizito, Mikumi. Kabla hujatoa nauli, muombe mhudumu wa afya apige simu na kuuliza mtaalamu wa meno yupo siku gani. Katika vituo vya serikali, sera inawapa msamaha wa malipo watoto walio chini ya miaka 5 na wajawazito. Uulizie dirishani.

Jino lililotoboka si lazima ling'olewe. Iko njia ya kuziba kwa vifaa vya mkono tu, bila umeme wala mashine, ambayo ilianza kutumika hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na sasa inafanywa nchi nyingi. Muulize tabibu kama jino la mwanao linafaa kuzibwa hivyo.

Usisubiri siku ya miadi kama uso au shingo imevimba, mtoto ana homa pamoja na jino linalouma, hawezi kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri. Hiyo ni dharura. Usiweke maji ya betri, mafuta ya taa wala tumbaku kwenye jino. Huunguza ufizi na tundu hubaki palepale.

Kama mwanao anataka kazi hii

Ili kujiunga na stashahada ya tabibu wa meno, mhitimu wa kidato cha nne anahitaji kufaulu masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo baiolojia, kemia na fizikia. Hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET kabla ya kulipa ada.

Ya kufanya kuanzia leo

- Msafishe mtoto meno mara mbili kwa siku tangu jino la kwanza linapotoka, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Chini ya miaka 3 weka kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere.
- Karibu na miaka 6 gego huota nyuma ya meno ya utotoni bila jino lolote kung'oka. Hilo ni la maisha yote, litunze.
- Usimlaze mtoto na chupa ya maziwa, chai ya sukari au juisi.
- Mtoto akiharisha au akipata homa, nenda zahanati. Ufizi uache.