Ukolevu: Istilahi ya Kuchagulia Buluu ya Samani

Mteja anayetaka kupaka rangi kabati la vyombo akiingia dukani na kuomba buluu iliyokolea, muuzaji anaweza kumwekea mezani makopo mawili yasiyofanana kabisa. La kwanza lina buluu ya sketi na kaptula za shule za msingi za Tanzania, inayokaribia weusi. La pili lina buluu inayowaka, ambayo jicho huiona kabla ya kitu kingine chochote chumbani. Muuzaji hajakosea. Katika mazungumzo ya kila siku, "iliyokolea" hubeba maana zote mbili: rangi yenye giza na rangi iliyojaa nguvu yake. Kwa mtu anayelipia kopo, hizo ni sifa mbili tofauti.

Albert Munsell, mchoraji na mwalimu wa sanaa wa Boston, Marekani, alizitenganisha katika kitabu alichokichapisha mwaka 1905. Kwake kila rangi ina vipimo vitatu. Cha kwanza ni aina yake: nyekundu, njano, kijani, buluu na nyinginezo. Cha pili ni weupe wake, kuanzia 0 kwa nyeusi tupu hadi 10 kwa nyeupe tupu. Cha tatu ni umbali wake kutoka kijivu chenye weupe uleule, alichokiita kroma. Hivyo alama 5PB 2/4 na 5PB 4/12 zote ni buluu ya aina moja inayoelekea zambarau. Ya kwanza ina giza zaidi, lakini iko hatua nne tu kutoka kijivu; ya pili ina mwanga zaidi, nayo iko hatua 12. Hiyo ya pili ndiyo buluu kali ambayo wapenda samani huitafuta.

Vitabu vya fizikia na programu za kompyuta hupendelea istilahi ya sachuresheni, inayokokotolewa kwa njia tofauti kidogo na kroma. Fundi rangi hahitaji tofauti hiyo. Anahitaji jina moja la kiasi cha rangi kilichomo ndani ya rangi. Kiswahili kina kitenzi kinachofaa, kukolea, na kina kanuni ya kukigeuza kuwa nomino: kulegea huzaa ulegevu, kupotea huzaa upotevu, basi kukolea huzaa ukolevu. Ili neno hilo lifanye kazi yake, liachiwe maana moja. Buluu ya sketi za shule iitwe buluu ya giza, na ukolevu upimwe peke yake.

Watu wa pwani na bara wamezijua sifa hizi mbili kwa macho tangu zamani. Kaniki, kitambaa kilichotiwa nili mara nyingi hadi kukaribia weusi, ni buluu ya giza yenye ukolevu mdogo. Kidonge cha buluu ya kufulia nguo nyeupe ni kinyume chake. Unga wake ni ultramarini, rangi ambayo kwa karne nyingi ilisagwa kutoka mawe ya Badakhshan, Afghanistan, na kuuzwa kwa bei kubwa hadi ilipoanza kutengenezwa viwandani Ulaya miaka ya 1820. Ukikivunja kidonge hicho kikiwa kikavu, utaona ukolevu kwa karibu: hakina giza sana, lakini hakuna kijivu ndani yake.

Ukolevu hupotea kwa urahisi. Fundi akitia nyeupe kwenye buluu, inakuwa samawati laini. Akitia nyeusi, inakuwa na giza, lakini ukolevu unashuka vilevile. Akitia rangi ya chungwa kidogo, buluu inageuka kijivu. Ndiyo maana mashine ya kuchanganya rangi haianzi na kopo jeupe inapotengeneza buluu kali. Huanza na rangi ya msingi yenye dioksidi ya titani kidogo sana au isiyo nayo kabisa, kwa sababu unga huo mweupe ungeifubaza buluu. Lakini dioksidi hiyohiyo ndiyo inayoipa rangi uwezo wa kuficha mbao. Rangi yenye ukolevu mkubwa huacha mbao zionekane baada ya kupakwa mkono wa kwanza, hata wa pili. Kupaka praima ya kijivu badala ya nyeupe hupunguza idadi ya mikono.

Uso wa samani nao una sauti. Rangi isiyong'aa hutawanya mwanga kila upande na kutandaza utando mweupe juu ya buluu. Rangi ya mafuta inayong'aa huonyesha ukolevu zaidi, ila pia hufichua kila mkwaruzo ambao msasa haukuumaliza. Taa ni jambo jingine. Balbu ya manjano ya kelvini 2700 ina mwanga mchache wa buluu, hivyo kabati lililong'ara mchana hufifia usiku. Balbu nyeupe ya kelvini 6500 huliacha na nguvu zake.

Kisha kuna majirani. Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia utiaji rangi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris, alieleza mwaka 1839 kwamba rangi mbili zinazopingana zikikaa pamoja, kila moja huongeza nguvu ya mwenzake. Bustani ya Majorelle mjini Marrakech, Moroko, inaonyesha hilo waziwazi: kuta za buluu kali alizoanza kuzipaka mchoraji Jacques Majorelle mwaka 1937 zimezungukwa na vyungu vya manjano. Sebuleni, meza ya mninga yenye wekundu na uchungwa wake hufanya kazi hiyohiyo kando ya kabati la buluu. Ukuta wa samawati huipunguzia buluu hiyo nguvu.

Kipande kidogo cha kadi ya rangi hakionyeshi haya yote, na rangi ya maji huwa na giza zaidi ikikauka kuliko ikiwa mbichi. Fundi makini hupaka mikono miwili kwenye kipande cha ubao, huacha kikauke hadi kesho yake, kisha hukisimamisha wima mahali kabati litakapokaa, mchana na baada ya taa kuwashwa. Mteja akikiona kimefifia, asiombe rangi yenye giza zaidi. Aombe ukolevu zaidi.