Boma la Pujini na Hukumu ya Waliobeba Mawe

Mgeni afikaye Pemba kwa matembezi aghalabu hupelekwa kutazama mambo matatu: bahari, misitu na magofu. Mawili ya kwanza hayahitaji maneno mengi, kwani mwenye macho huyaona akaridhika. La tatu si hivyo. Gofu ni shahidi asiyesema mpaka apate mkalimani, na mkalimani aweza kumsemesha kweli au uzushi. Kwa hiyo yafaa tuulize jinsi magofu yetu yanavyosemeshwa. Nitachukua mfano wa mahali pamoja, nao ni Pujini, katika Wilaya ya Chake Chake.

Pujini ni boma la udongo na mawe, kusini-mashariki ya mji wa Chake Chake, lenye kuta nene na handaki, na ndani yake ngazi, kisima na mabaki ya majengo. Lilisitawi katika karne ya 15, kabla ya merikebu za Wareno kuonekana pwani hii mwaka 1498. Katika kumbukumbu za watu wa Pemba bwana wa boma hilo ni Mkama Ndume. Kukama ni kutoa maziwa. Basi jina lake lamaanisha mtu awakamaye hata madume. Husimuliwa kwamba wachukuzi wake walilazimishwa kubeba mawe huku wakijiburura kwa makalio, bila ruhusa ya kusimama. Tena husemwa kwamba kisima kiligawanywa kwa ukuta kwa sababu ya wivu wa wake zake wawili, mmoja akishuka kwa ngazi na mwenziwe akiteka kwa ndoo na kamba, wasipate kuonana.

Habari hizi zilikwisha kuingia katika vitabu vya wageni zamani. Pearce alieleza magofu ya Pemba katika kitabu chake cha mwaka 1920. Tangu hapo zimepata hasara mbili. Wasimulizi wengine huzifanya kichekesho cha kumfurahisha mtalii: kisima cha wake wenza hupewa nafasi kubwa, na wachukuzi hutajwa kwa haraka. Wanachuoni wengine nao huziweka kando kama ngano zisizofaa kitu. Wa kwanza hupunguza uchungu wa habari, wa pili huipunguzia maana.

Tutazame uchimbuzi umetoa nini. Adria LaViolette na wenzake walipochunguza Pujini walikuta, katika chumba kilicho chini ya ardhi, umbo la siwa lililofanyizwa kwa chokaa ukutani. Kila ajuaye historia ya pwani ajua siwa ni nini. Ndiyo baragumu ya enzi, iliyopulizwa katika mambo makubwa ya watawala. Lamu na Pate zilizihifadhi siwa zao kama roho ya mji. Basi bwana wa Pujini alituachia sura yake kama alivyotaka kuonekana: mwenye heshima na haki ya kutawala. Watu wake wakatuachia sura nyingine ya bwana yule yule, si kwa chokaa bali kwa jina na hadithi. Siwa ni dai la mtawala. Jina la Mkama Ndume ni hukumu ya watawaliwa.

Thamani ya hukumu hiyo huonekana tukikumbuka uchache wake. Huko Mtambwe Mkuu mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na chache za dhahabu, na majina ya watawala wa pwani yamo katika fedha hiyo. Ras Mkumbuu pana msikiti na makaburi ya nguzo ya watu waliokuwa na uwezo. Chwaka, karibu na Tumbe, masimulizi yamtaja Haruni, mwana wa Mkama Ndume. Na mabaki ya nafaka yaliyochimbuliwa huko yaonyesha kwamba mpunga ulikuwa chakula kikubwa cha mji. Lakini aliyelima mpunga huo hana kaburi la nguzo, wala jina lake halimo katika sarafu. Sauti yake ikisikika popote, yasikika katika hadithi kama ya Pujini.

Walakini hadithi si hati ya mashahidi. Imepita katika vinywa vya vizazi vingi, na baadhi yao waliona mashaka yao wenyewe. Baada ya tufani ya mwaka 1872 kuangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikazidi kuwa nchi ya karafuu, na watumwa walifanya kazi mashambani mpaka amri ya mwaka 1897 na hata baada yake. Yamkini uchungu wa siku hizo umechanganyika na wa zamani. Hilo haliiharibu hadithi, bali laongeza kazi ya mwanahistoria, ambaye hana budi kuuliza ni lini na kwa nini kila neno liliongezwa. Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Basi amwongozaye mgeni Pujini na amweleze habari ya siwa, kisha asimame kwenye ukuta na kumwuliza: mawe haya yalibebwa na nani? Wanafunzi wetu nao wayaandike masimulizi ya wazee wa vijiji vya jirani, kila mmoja kwa namna asimuliavyo, kabla hayajalainishwa yakawa ya kuchekesha tu. Mvua na mizizi ya miti hula kuta polepole, na kuta zaweza kutengenezwa. Hukumu ya waliozijenga ikisahauliwa, hapana fundi wa kuirudisha.