Manati ya Vic Edelbrock

Kaskazini ya Los Angeles, ukishavuka milima ya San Gabriel, liko jangwa la Mojave, na ndani ya jangwa hilo mna maziwa yasiyo na maji, ambayo udongo wake, ukikaushwa na jua la kiangazi, huwa mgumu na sawasawa kama sakafu iliyopigwa chokaa. Na huko ndiko, katika miaka ya 1930, vijana wa California walikokwenda siku za mapumziko na magari yao makuukuu, wakayavua madigadi na vioo vya mbele, wakakimbizana na saa, kisha jioni wakayavika tena na kurudi nyumbani, kwa kuwa kesho yake iliwapasa kwenda kazini kwa magari yaleyale. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana, vikaunda Southern California Timing Association, ili mbio zile zipate nidhamu na saa za kuaminika.

Hawakuwa matajiri, na hiyo ndiyo sababu historia ya chombo ninachotaka kukisimulia imefungamana nao. Tajiri akitaka mwendo hununua gari jipya. Asiye na mali hufungua boneti akatazama ni kipi kinachoweza kung'olewa na kubadilishwa kwa mshahara wa wiki chache. Aghalabu jicho lake liliangukia manifoldi ya hewa, yaani ile mifereji ya chuma iliyo baina ya kabureta na silinda, ambayo kazi yake ni kuupokea mchanganyiko wa hewa na petroli na kuugawa, kila silinda ipate fungu lake kwa wakati wake. Nami sizungumzii ile nyingine ya upande wa ekzosti, ambayo wengi huichanganya na hii.

Injini waliyoipenda ni ile V8 ya Ford iliyotoka mwaka 1932, yenye ujazo wa karibu lita 3.6, ambayo ilipozaliwa ilitoa nguvu za farasi 65 tu. Mwaka uliofuata ikafika 75, kwa kuongezewa mgandamizo na kuvikwa vichwa vya alumini. Na mwaka 1934 ikafika 85, na safari hii jambo kubwa lililobadilika, ujazo ukiwa uleule, ni kwamba kabureta ya koo moja iliondolewa, ikawekwa Stromberg ya makoo mawili juu ya manifoldi mpya, iliyopangwa hivi kwamba kila koo lilishe silinda nne zake peke yake, ili silinda moja isiipokonye jirani yake pumzi. Basi anayetaka ushahidi kwamba kubadili manifoldi kwaweza kuongeza nguvu, na aupate kiwandani kwa Henry Ford mwenyewe. Ila asisahau kwamba manifoldi ile ilikuja pamoja na kabureta yake, na si haki kumhesabia mmoja kazi ya wawili.

Miongoni mwa mafundi walioidurusu injini hiyo alikuwa Vic Edelbrock, mzaliwa wa Kansas aliyehamia California na kufungua gereji. Mwaka 1938 alinunua Ford ya 1932 isiyo na paa, akaifanya kuwa gari ya matumizi ya kila siku na ya mashindano pia. Alishirikiana kwanza na Tommy Thickstun katika kutengeneza manifoldi, lakini haikumridhisha. Ndipo akaunda yake mwenyewe, yenye kubeba kabureta mbili za Stromberg, nayo ikajulikana kwa jina la Slingshot, yaani manati. Novemba 1941, wiki chache kabla Marekani haijaingia vitani, Ford ile ilipimwa jangwani ikipita maili 121 kwa saa, ambazo ni sawa na kilomita 195. Wenzake walipoiona manati ile waliitaka, naye akasubu kiasi cha 100 akawauzia. Na vita vilipokwisha, mwaka 1946, akatoa katalogi yake ya kwanza. Kadhalika Phil Weiand, ambaye ajali ya gari ilimpooza miguu, aliingia katika biashara hiyohiyo, na kama ilivyo ada ya biashara, sifa ikaanza kukimbia mbele ya bidhaa.

Maana injini, ukiivua mapambo yake yote, ni pampu ya hewa. Ili petroli iungue sawasawa, gramu moja yake yataka takriban gramu 14.7 za hewa, hivyo nguvu haiongezeki ila hewa zaidi iingie silindani. Ikiwa mahali pembamba kuliko pote katika njia ya hewa ni manifoldi, ukiipanua utaiona faida. Lakini ikiwa wembamba huo uko penye valvu, au kamshafti haiziinui vya kutosha, au ekzosti imesongwa, utakuwa umepanua ukumbi wa nyumba ambayo mlango wake ni uleule. Isitoshe, mfereji mpana hupunguza kasi ya hewa injini inapozunguka polepole, na hewa vivu huidondosha petroli njiani, ikalowanisha kuta. Tena manifoldi nyingi za mashindano hazina ile njia ya kupitisha joto la ekzosti chini ya kabureta, jambo lenye faida kwa mkimbiaji, kwa kuwa hewa ya baridi hushikamana zaidi, ila ni adha kubwa kwa mtu anayewasha gari alfajiri penye umande. Mimi naona wauzaji wa zama zile hawakusema uongo: walisema nusu ya kweli, ile inayopimwa injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, ilhali mnunuzi hupitisha siku yake yote katika 2,000.

Kampuni ya Chrysler ilidhihirisha jambo hilo mwaka 1960 kwa namna mbili. Kwanza, injini yake ya silinda 6 zilizoinama upande, ya lita 2.8, ilifungiwa vifaa vilivyoitwa Hyper Pak, na nguvu zake zikapanda kutoka farasi 101 hadi 148. Na katika mbio za huko Daytona, mwezi wa Januari, magari yake ya Valiant yaliyovaa vifaa hivyo yakashika nafasi saba za mwanzo. Macho ya watu yaliganda kwenye manifoldi yake yenye mifereji mirefu iliyopinda, lakini kifurushi kile kilikuwa pia na kabureta ya makoo manne, kamshafti nyingine, na mgandamizo ulioongezwa. Na asiyeweza kuvinunua vyote, akachukua manifoldi peke yake, hakuwa na haki ya kudai farasi wote 47.

Namna ya pili ndiyo inayonipendeza zaidi. Valvu inapofunga ghafla, hewa iliyokuwa ikija mbio hujibana nyuma yake, na wimbi la mgandamizo likarudi kinyume ndani ya mfereji kwa kasi ya sauti, likafika mwisho, likageuka. Urefu wa mfereji ukihesabiwa vyema, wimbi hilo hurejea wakati valvu inafunguka tena, likaisukumia silinda hewa bila ya mashine yoyote ya kusukuma. Chrysler 300F, yenye injini ya lita 6.8, ilipewa mifereji ya inchi 30, iliyovuka kutoka upande mmoja wa injini hadi wa pili, nayo ikatoa farasi 375 pamoja na msukumo mkubwa sana katika mizunguko ya chini ya 3,000, pale pale ambapo dereva wa barabarani huhitaji kulipita lori. Kwa magari machache ya mbio urefu huo ulipunguzwa kuwa inchi 15, farasi wakafika 400, na ule msukumo wa chini ukahamia juu. Lakini mifereji yenyewe kwa nje haikufupishwa hata kidogo; kilichokatwa ni ukuta wa ndani unaoitenga, hata ukiziweka manifoldi hizo mbili juu ya meza moja, ya 375 na ya 400, huenda usizitofautishe mpaka uinamishe kichwa na kuchungulia ndani.