Mashujaa wanaojulikana, ulimwengu wao usiojulikana

Katika shule ya sekondari ya Annandale, kitongoji cha jimbo la Virginia kilicho nje kidogo ya Washington, aliwahi kusoma kijana ambaye baba yake, mwanajeshi wa majini, alikuwa akihamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine. Kijana huyo ni Mark Hamill. Mwaka 1977 alijipatia umaarufu katika filamu ya Star Wars, na tangu mwaka 1992 kwa miaka mingi sauti yake ndiyo iliyokuwa sauti ya Joker, hasimu wa Batman, katika filamu za vibonzo.

Mwaka 2021 Hamill alipewa sauti ya mhusika mwingine: Art, fundi cherehani anayewashonea mashujaa mavazi yao katika mfululizo wa Invincible. Joker anajulikana hata na mtu ambaye hajawahi kufungua kitabu cha katuni. Art anajulikana na wachache, na ulimwengu alimotoka ni wageni wengi zaidi wasioujua.

Nini maana ya ulimwengu wa mashujaa?

Wachapishaji wa katuni huita ulimwengu mkusanyiko wa hadithi ambamo mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida huishi katika dunia moja. Wanakutana, wanagombana, wanaoana, na jambo linalotokea katika kitabu cha mmoja humgusa mwingine.

Marvel na DC, mashirika mawili makubwa ya Marekani, ndiyo yanayotawala biashara hii. Nje ya hayo mawili kuna ulimwengu mwingine mwingi, na ajabu ni kwamba umma unawatambua baadhi ya mashujaa wake bila ya kujua walikotoka.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kasa wanne wapiganaji, Teenage Mutant Ninja Turtles. Kevin Eastman na Peter Laird waliwachapisha wenyewe mwaka 1984 mjini Dover, New Hampshire, nakala zipatazo 3,000 tu kwa mara ya kwanza. Umaarufu ulikuja mwaka 1987, vilipoanza vibonzo vya televisheni vilivyosaidiwa na biashara ya vitu vya kuchezea watoto. Mwaka 2009 haki za kasa hao ziliuzwa kwa Nickelodeon kwa dola zipatazo milioni 60. Lakini ni nani anayelikumbuka jina la Mirage, studio iliyowazaa?

Men in Black ni kisa cha kusikitisha zaidi. Watazamaji wengi wa filamu ya Will Smith ya mwaka 1997, iliyoingiza zaidi ya dola milioni 580 duniani, hawajui kuwa ilitokana na kitabu cha katuni cha Lowell Cunningham, kilichotolewa mwaka 1990 na mchapishaji mdogo aitwaye Aircel. Aircel ilimezwa na Malibu, na Malibu ikanunuliwa na Marvel mwaka 1994. Malibu yenyewe ilikuwa na ulimwengu kamili wa mashujaa, Ultraverse, ulioanzishwa mwaka 1993. Huo leo umesahaulika, ilhali kitabu kisichokuwa sehemu yake ndicho kilichozunguka dunia.

Suala la umiliki

Nyuma ya majina haya kuna mgogoro wa muda mrefu: shujaa ni mali ya nani, mchoraji au mchapishaji?

Mwaka 1992 wachoraji saba mashuhuri waliikimbia Marvel kwa sababu hiyo na kuanzisha Image, ambako kila mmoja angemiliki kazi yake. Toleo la kwanza la Spawn, shujaa wa Todd McFarlane aliyerudi kutoka jehanamu, liliuzwa nakala takriban milioni 1.7. Invincible, iliyoanza mwaka 2003 kwa maandishi ya Robert Kirkman, ni tunda la mti huohuo.

Mwaka 1993, Wamarekani weusi wanne, Dwayne McDuffie, Denys Cowan, Michael Davis na Derek Dingle, walianza kuchapisha ulimwengu wa Milestone. DC ilichapisha na kusambaza, lakini mashujaa walibaki mali ya Milestone. Vitabu vilisimama mwaka 1997. Hata hivyo mmoja wao, Static, kijana mwenye nguvu za umeme, aliingia televisheni kuanzia mwaka 2000 hadi 2004, na katika kipindi kimoja akasafiri mpaka Ghana. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, Static ndiye anayestahili kutajwa wa kwanza pale mzazi wa Kiafrika anapoulizwa na mwanawe kama kuna shujaa mweusi asiyekuwa wa Marvel.

Jina moja, mashujaa tofauti

Annandale ni kitovu cha jamii ya Wakorea katika eneo la Washington, na mabango ya Kikorea yamejaa katika barabara zake. Hapo kuna kitendawili kidogo. Power Rangers, jina linalojulikana pia na watoto wa Nairobi na Dar es Salaam, lilianza Marekani mwaka 1993 kwa kutumia picha za mapigano kutoka Super Sentai, mfululizo wa Kijapani ulioanza mwaka 1975. Nchini Korea Kusini mfululizo huohuo wa Kijapani umekuwa ukitafsiriwa na kuonyeshwa kwa jina la Power Rangers. Kwa hiyo mtoto aliyetoka Seoul na mwenzake aliyezaliwa Virginia wanaweza kulitaja jina moja, kila mmoja akiwafikiria watu wengine kabisa.

Bila ya skrini, msambazaji ndiye mwenye uamuzi. Kwa miongo kadhaa maduka ya katuni ya Marekani yalitegemea kampuni ya Diamond, iliyoanzishwa mwaka 1982 katika jimbo jirani la Maryland. Januari 2025 Diamond iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya kufilisika, na pigo hilo liliwaangukia zaidi wachapishaji wadogo.

Hali hiyo si ngeni Afrika Mashariki. Walioishi miaka ya 1960 na 1970 watamkumbuka Lance Spearman, mpelelezi mwenye kofia katika gazeti la picha la African Film. Hakuwa na nguvu za ajabu, lakini gazeti lilifika mpaka vibandani, na alijulikana. Lilipokoma naye akatoweka.

Mashujaa wa Afrika

Siku hizi majaribio ni mengi. Roye Okupe, Mnigeria aliyesoma chuo kikuu cha George Washington katika mji mkuu wa Marekani, aliasisi YouNeek Studios mwaka 2012 na kuchapisha hadithi za shujaa wa Lagos, EXO, na malkia Malika. Mwaka 2021 aliingia ubia na mchapishaji Dark Horse, ambaye umma unamfahamu, pasipo kujua, kupitia The Mask na Hellboy. Aprili 2025 vibonzo vya Iyanu, binti wa ngano za Kiyoruba, vilianza kuonyeshwa na Cartoon Network.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, Super Sema, binti mwenye nguvu zinazotokana na sayansi, alianza kuonekana YouTube mwaka 2021, huku Lupita Nyong'o akiwa miongoni mwa watayarishaji. Supa Team 4, wasichana wa Lusaka waliobuniwa na Malenga Mulendema wa Zambia, walifuata katika Netflix mwaka 2023.

Wamo pia mashujaa wasio na mchapishaji. Fumo Liyongo wa pwani, ambaye hakuna silaha iliyomdhuru ila sindano ya shaba kitovuni, na Lwanda Magere wa Wajaluo, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na udhaifu wake ukawa kivulini, wanatambulika na mamilioni ya watu. Hakuna mchapishaji anayemiliki haki zao, lakini nchini Kenya sheria hulinda masimulizi ya jadi, na studio inayotaka kuyatumia kibiashara hupaswa kupata idhini ya jamii husika.